HESABU GHARAMA, SI BEI TU

Andiko: Luka 14:28–30

Wapendwa, hapa Yesu anaongea na umati uliokuwa ukimfuata kwa shangwe. Anawauliza: mtu akitaka kujenga mnara, si ataketi kwanza apige hesabu? Akianza tu na msingi halafu pesa ziishe, wapita njia watamcheka. Yesu hataki wafuasi wa mihemko. Anataka watu walioketi, wakaijua gharama, ndipo wakaja.

Mwezi uliopita kijana wa kanisa letu anayefanya kazi Uingereza alinipigia simu. "Pasta, niombee. Nataka kununua Ferrari."

Si mpya. Ni F355, gari lililoundwa kule Maranello, Italia, miaka ya 1990. Injini yake ya V8 ya lita 3.5 iko nyuma ya viti, na linaweza kupita kilomita 290 kwa saa. Hapa Kenya hangeweza kuliingiza, maana sheria yetu haikubali gari kuukuu lililopita miaka 8. Lakini huko linauzwa. Ameweka akiba miaka mingi, na muuzaji anamwambia, "Hili ni bahati yako, halijatembea. Maili 21,000 tu!"

Najua kuna mtu anasema moyoni, "Huyo amerudi nyuma." La! Kijana huyu anatoa fungu la kumi, na karo ya mdogo wake ni yeye analipa. Sikumwambia gari zuri ni dhambi. Nilimuuliza tu, "Mwanangu, bei umeijua. Gharama je?"

Basi akalipa fundi anayeyajua magari hayo alikague kabla ya pesa kutoka. Fundi hakuanza na rangi. Alianza na rekodi za sevisi. Akakuta mkanda wa injini, ule makanika wetu huita taiming belti, ulibadilishwa mara ya mwisho miaka 9 iliyopita. Mkanda huo ndio unazipanga valvu zisigongane na pistoni. Ukikatika gari likiwa mwendoni, injini inajivunja yenyewe. Na kwa F355, kuubadilisha si kufungua boneti na spana mbili. Injini nzima inashushwa chini, inatolewa kwa gari!

Sasa sikiza, mpendwa. Mkanda hauhesabu maili peke yake. Unahesabu na miaka. Gari likikaa gereji limefunikwa vizuri, mkanda unazeeka humo humo gizani. Kile muuzaji alichosifu ndicho kilifaa kumtia mnunuzi wasiwasi.

Kijana akaomba apunguziwe bei kwa kiasi cha kazi hiyo. Muuzaji akakataa. Kijana akaondoka, na pesa zake ziko benki hadi leo. Akipata lingine lenye rekodi safi, na hesabu ifike bila mdogo wake kufukuzwa shule, mimi sitamzuia.

Lakini wewe unayesoma, hebu tuangalie rekodi zako. Kuna mtu anasema, "Pasta, niliokoka 2009 na sijawahi kuanguka." Mungu apewe sifa! Lakini hujaanguka kwa sababu unatembea na Bwana, ama kwa sababu umeegeshwa? Mara ya mwisho kufunga na kuomba ni lini? Mara ya mwisho kumsamehe mtu? Yule mtumwa wa Mathayo 25 hakuiba talanta. Aliificha tu, akairudisha safi. Bwana wake hakufurahi.

Na usishangae Mungu akikutoa kila kitu nje ili abadilishe kitu kimoja ambacho watu hawakioni. Unauliza, "Mbona kazi imeisha? Mbona niko chini hivi?" Wakati mwingine si adui. Ni Fundi ameshusha injini. Afadhali ishushwe kwake kuliko ikatike barabarani.

Na hii ndiyo Habari Njema. Sisi pia tulinunuliwa tukiwa tumetumika. Petro anasema hatukununuliwa kwa fedha wala dhahabu, bali kwa damu ya Kristo (1 Petro 1:18–19). Yeye alitukagua kwanza. Aliona mkanda uliooza, aliona ajali tulizopaka rangi juu. Hakuomba punguzo, hakuondoka. Alihesabu gharama yote, akalipa yote. Anayekuambia uhesabu, alikuhesabia wewe kwanza. Haleluya!

Wiki hii, kabla ya kuapa, kukopa, kuchumbia ama kununua, keti chini na kalamu. Andika bei, halafu andika gharama. Kisha piga magoti.

Tuombe: Bwana Yesu, nikague. Usiniache niking'aa nje huku ndani nimeoza. Kinachohitaji kushushwa, kishushe, kisha uniwashe upya. Amina.