Nguvu za Rosa ni za Nani?

Usiku usio na mbalamwezi ukiisha, na wavuvi wakirudi kutoka ziwani hadi mwalo wa Kibirizi karabai zikiwa zimekwisha kuzimwa, sisi tukaao Gungu huteremka ufukoni tukawakuta wanawake wameinama juu ya mchanga, wakitandaza dagaa kwa viganja hata asiwepo mmoja aliyemlalia mwenziwe. Na aghalabu kando ya mama huwapo binti wa miaka kumi hivi, asiyefundishwa kwa maneno mengi, bali autazamaye mkono wa mama jua likisha kupanda, unapochota dagaa wachache, ukawatikisa karibu na sikio, na kwa mlio wao tu ukajua kama wamekauka au bado. Akisha kuwa mtu mzima, binti huyo atasifiwa sokoni kuwa ana kipawa, na yeye mwenyewe hataweza kusema ni siku gani alikipokea.

Basi hunijia swali ambalo hapa jirani Ujiji, mji wa misikiti ambao mapadri wa White Fathers nao waliufikia mwaka 1879, dini zote mbili hulijua: ikiwa nguvu za mtu zimetoka kwa waliomlea, je, sifa ni yake? Na ikiwa udhaifu wake nao umetoka kwao, lawama ni ya nani?

Katika hadithi zetu sijaona swali hilo likiulizwa kwa uchungu kuliko katika Rosa Mistika, riwaya ya Euphrase Kezilahabi iliyotoka mwaka 1971, nayo ikapigwa marufuku shuleni kwa muda. Rosa ni binti wa Ukerewe, kifungua mimba wa Zakaria na Regina. Kwa mama aliona subira na bidii ya kazi. Kwa baba, aliyezama katika ulevi, alipata kipigo kikali kwa ajili ya barua ya mvulana, na tangu siku ile akawaogopa wanaume. Wako waiitao hofu ile adabu. Mimi siwezi kuiita hivyo, maana adabu hubaki na mtu hata akiwa peke yake, ilhali hofu hukaa moyoni maadamu mwenye fimbo yu karibu. Na Rosa alipofika shuleni, mbali na macho ya Zakaria, hakuwa na kitu kingine cha kumzuia, wala mwalimu wa kumshika mkono, na rafiki ambao wangalikuwa ngao yake ndio waliomcheka hata akafuata njia yao. Inasikitisha kwamba subira ya Regina, hazina kubwa kuliko zote nyumbani mle, haikupata nafasi ya kumkinga.

Lakini rafiki aweza pia kujenga. Katika Nyota ya Rehema, riwaya aliyoitoa Mohamed Suleiman Mohamed mwaka 1976, binti aliyenyimwa mapenzi ya baba yake na kuangushwa na dunia anakutana na Sulubu, mkulima asiye na mali, anayemwona kuwa mtu. Na penye jembe lao Rehema akasimama tena.

Masheikh hutufundisha kwamba mtoto huzaliwa na fitra safi, na wazazi ndio wampao sura. Nakubali, wala sioni kwamba jambo hilo linampunguzia binti sifa yake, kwa kuwa mama akisha kumwonyesha, ni lazima mkono wake mwenyewe uwatikise dagaa. Nguvu ni amana: hupokewa kwa wengine, lakini huitumia aliyekabidhiwa. Kezilahabi, mwishoni mwa kitabu, anawasimamisha Rosa na baba yake mbele ya Mungu, wakilaumiana. Rosa ana sehemu yake ya lawama, nami simwondolei. Ila mzigo wa Zakaria naona ni mzito zaidi, kwa sababu yeye aliishika fimbo akiwa mtu mzima, na binti aliyempiga alikuwa bado hajafundishwa lolote juu ya kile alichopigiwa.

Kwa hiyo nakusihi, ndugu msomaji uliye na binti, hapa Gungu au kwingineko: siku utakapoiona barua mkononi mwake, keti naye kwanza, umwulize imetoka kwa nani na yeye ana maoni gani, kisha umsikilize mpaka amalize.