Mzigo na Uwezo wa Prosesa

Je, ni halali kukidai kitu zaidi ya kile alichokiahidi aliyekitengeneza? Vijana wanaoniletea kompyuta zao hapa Mombasa, wakitaka prosesa iongezwe kasi ili gemu zisikwame, hawaulizi hivyo. Huuliza tu: "Fundi, itafika ngapi?" Mimi naona swali lao halijibiki vizuri kabla ya kulijibu la kwanza.

Tuanze na ahadi yenyewe. Chukua Core i5-2500K, iliyotoka mwaka 2011 na ambayo bado naikuta kwenye mashine za mtumba. Kasi yake ya msingi ni gigahezi 3.3: mapigo ya megahezi 100 yaliyozidishwa mara 33. Namba hiyo si ukomo. Ni kiwango ambacho kiwanda kinaweza kukidhamini kwa kila prosesa ya jina hilo, pamoja na iliyo dhaifu kuliko zote. Nyingi hufika 4.5 bila taabu. Nyingine hugoma mapema. Jina moja, bei moja, ila hazikujaliwa sawa. Kwa hiyo kuongeza kasi si kuasi amri. Ni kukitafuta kipaji kilichomo, na kipaji kulazwa bure nako ni israfu.

Ila kuna sharti. Dini inatufundisha kwamba Mwenyezi Mungu hamtwishi mja mzigo asioumudu. Tunalipokea fundisho hilo kama faraja, na ni faraja kweli. Mimi nalisikia pia kama onyo kwetu sisi tunaotwisha. Yeye anaujua uwezo wa alichokiumba, sisi hatuujui. Anayetwisha bila kujua, kupima kwake ni faradhi.

Na kupima ni kwa hatua. Napandisha kizidisho kwa moja, nawasha, najaribu, ndipo naendelea. Ikigoma, naongeza volti kidogo mno, kwa tahadhari, maana umeme unaoliwa hufuata mraba wa volti: ukiongeza volti kwa asilimia 10, ulaji unapanda kwa asilimia 21 hata kabla hujaihesabu kasi. Volti na joto vikizidi, huzila polepole njia nyembamba za umeme ndani ya prosesa, na jeraha hilo haliponi. Tena feni haiwezi kuipoza prosesa ikawa baridi kuliko hewa ya chumba. Vipimo vilivyochukuliwa ng'ambo kwenye chumba cha nyuzijoto 20 havifai kunakiliwa hapa mwezi wa Machi, chumba kikiwa na 32.

Kisha linakuja jaribio ninalolithamini kuliko yote. Prime95 ni programu iliyoundwa kutafuta namba tasa kubwa, zile za Mersenne. Ikiijaribu prosesa, huipa hesabu ambazo majibu yake yanajulikana tayari, halafu inalinganisha. Nimeona mashine ikicheza gemu vizuri, picha safi, feni imetulia, kisha Prime95 ikasimamisha kiini kimoja: jibu si sahihi. Mashine inayozima ghafla imekiri kuwa imeshindwa. Ya kutisha ni hii inayoonekana nzima huku ikikosea, ikiharibu faili kimyakimya.

Kwa hiyo nashikilia kwamba mpaka wa kitu haupo pale kinapoanguka. Upo pale kinapoanza kukosea kingali kimesimama. Prosesa ikifaulu kwenye 4.6, naiacha 4.4, kwa sababu vumbi litaingia na pesti ya kupitisha joto itakauka.

Kanuni hii inatuhusu zaidi tunapotwisha watu. Mzazi anayemwambia mwanawe "mbona mwenzako ameweza," na mwajiri anayepanga zamu zote kwa kipimo cha mfanyakazi wake hodari, wote wamechukua uwezo wa mmoja wakaufanya deni la mwingine. Mtoto yule bado anakwenda shule, anaitika akiitwa, anatabasamu. Tukingoja aanguke ndipo tuamini kuwa mzigo ulizidi, tutakuwa tumechelewa sana.

Basi jibu langu ni ndiyo: ni halali kudai zaidi ya kilichoahidiwa. Lakini kazi ya kupima ni ya anayedai, si ya anayebebeshwa. Na kipimo kikisema punguza, apunguze siku hiyo hiyo, bila kumlaumu aliyeishia 4.2 eti kwa nini hakufika 4.5.