Deni la Aliyebaki

Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Methali hii tulikaririshwa tangu shule ya msingi. Lakini hebu nikuulize, msomaji: kama dhiki ya rafiki yako ni unga, utamfaa vipi? Ukimpa hela, anakwenda kununua. Ukimnyima, anakuita msaliti. Ukimkimbia halafu akafa, utamwambia nini mama yake?

Swali hili halinitoki kichwani tangu nilipoijua habari ya Red Hot Chili Peppers, bendi ya roki ya Los Angeles, Marekani. Wengi tunawajua kwa kuruka jukwaani vifua wazi. Wachache wanamjua Hillel Slovak, mpiga gitaa wao wa mwanzo. Alizaliwa Haifa, Israeli, mwaka 1962, akakulia Los Angeles, akasoma Fairfax High School pamoja na mwimbaji Anthony Kiedis, mpiga dramu Jack Irons, na yule kijana anayeitwa Flea. Flea alikuwa mtu wa tarumbeta. Hillel ndiye aliyemshawishi ajifunze gitaa la besi. Kwa hiyo ukisikia besi ya Flea inavyonguruma, ujue mkono wa marehemu upo pale.

Hillel na Anthony wote walitumia heroini. Anthony alianguka hadharani, kila mtu akaona, mpaka bendi ikamfukuza kwa muda. Hillel alikuwa msiri. Kila jicho lilikuwa kwa Anthony, kumbe kifo kilikuwa kinabisha mlango wa pili. Tarehe 25 Juni 1988, muda mfupi baada ya ziara ya Ulaya, Hillel alikufa peke yake katika fleti yake Hollywood. Alikuwa na miaka 26. Waanzilishi wote wanne walikuwa wamerekodi pamoja albamu moja tu, ile ya mwaka 1987. Basi.

Anthony hakwenda mazikoni. Alikimbilia kijiji cha wavuvi huko Meksiko. Niliposoma hilo mara ya kwanza nilimtukana: rafiki gani huyu? Siku hizi naogopa kumhukumu. Kuna anayekimbia jeneza kwa kutojali, na kuna anayelikimbia kwa sababu anajua lingeweza kuwa lake.

Jack Irons aliondoka. Hakutaka kubaki kwenye bendi ambayo marafiki zake wanakufa. Anthony na Flea wakabaki. Nani alikuwa sahihi? Kijiweni kwetu kuna washikaji wanaosema waliobaki walijenga umaarufu juu ya kaburi. Mimi nakataa, ila sikatai haraka, maana ushahidi unakata pande zote mbili.

Mwaka huo huo wa 1988 walimchukua John Frusciante, kijana wa miaka 18 aliyekuwa akimhusudu Hillel. Akaleta gitaa zuri ajabu. Lakini mwaka 1992 aliacha bendi katikati ya ziara, naye akazama kwenye heroini ile ile. Nyumba yake iliungua na magitaa yake yakateketea. Wale wanaosema ati unga unampa msanii kipaji, waende wakayasikilize hayo majivu. Na watuonyeshe nyimbo za Hillel za umri wa miaka 27. Hazipo.

Mwaka 1998, John alipokwisha kupitia matibabu, Flea alikwenda nyumbani kwake akamwomba arudi. Anthony akampa zawadi ya gitaa, Fender Stratocaster ya mwaka 1962. Mwaka 1999 wakatoa Californication. Watu huhesabu mamilioni ya nakala zilizouzwa. Mimi nahesabu ule mlango uliogongwa. Naona pale ndipo deni la Hillel lilipoanza kulipwa. Maana marehemu hawezi kulipwa. Anayeweza kupokea ni yule aliye hai bado. Na hata hivyo deni haliishi: Anthony mwenyewe alirudia unga miaka ya tisini, baada ya kuacha miaka kadhaa. Anayeishi anaanza upya kila asubuhi.

Nasema haya nikiwa na aibu. Tulipomaliza kidato cha nne mimi na mwenzangu mmoja tulikuwa na kikundi chetu. Yeye gitaa, mimi maneno. Leo yeye ni teja, yuko pale kituo cha daladala. Kwa miezi nimekuwa nikimpa nauli nikijua fika haendi popote. Nilijiita mwema. Ukweli ni kwamba nilikuwa nalipa ili nipite haraka, nisimtazame usoni.

Basi jibu langu, kwa mwenye kulitaka, ni hili. Rafiki hapimwi kwa hela anazotoa wala kwa machozi ya mazikoni. Anapimwa kwa kugonga mlango wakati bado kuna mtu wa kuufungua. Hawezi kumwachisha mwenzake kwa nguvu; hilo halimo mikononi mwake. Lakini kusimama kumo, na kumwita kwa jina lake, si kwa jina la ugonjwa wake, kumo.

Kesho nitashuka pale kituoni. Sitakuwa na nauli ya kumpa. Nitakuwa na gitaa lake, ambalo nilimnunua kwa bei ya kutupa siku ile alipokuwa na arosto. Huenda akaliuza tena kabla ya jioni. Nitakwenda hata hivyo.