Mzigo wa Mwenzio

Wahenga wamenena kuwa mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Aliyelibeba ndiye ajuaye kama ndani mna usufi au mawe; mtazamaji huliona jepesi tu. Kwa miaka mingi niliidhani methali hii kuwa ni karipio kwa wasio na huruma. Siku hizi naiona inatukaripia zaidi sisi wenye huruma, tunaokimbilia kumtua mwenzetu mzigo kabla ya kumwuliza una uzito gani. Swali ninalotaka tulitafakari, mpenzi msomaji, ni hili: mtu aishiye na maumivu yasiyokoma, tuna deni gani kwake? Subira, matumaini, au ukweli?

Swali hili halikunijia vitabuni. Nina shangazi, mzaliwa wa Korogwe aliyeolewa Handeni, ambaye umri wake umepita miaka 70. Handeni ni nchi ya kiu. Upo mradi unaoyavuta maji ya Mto Pangani kutoka upande wa Korogwe hadi Handeni, lakini kwa miaka mingi maji ya bomba hayakutosha, na bomba la kweli la nyumba nyingi lilikuwa utosi wa mwanamke. Ndoo ya lita 20 ina kilo 20 za maji, na shangazi alizibeba tangu akiwa mwari mpaka akapata wajukuu. Sisemi kuwa ndoo ndizo zilizomharibu mgongo. Mimi si tabibu. Nasema tu kwamba mgongo huo unamuuma kwa mwaka wa kumi na moja sasa, usiku na mchana, na kwamba vidonge, kuchuliwa na mazoezi vimempa nafuu ndogo.

Mwanawe, afanyaye kazi Maskati, alisikia habari za kifaa cha umeme kinachopandikizwa mwilini ili kuyafifisha maumivu ya namna hiyo. Akaniletea kijitabu cha Kiingereza nikifasiri, ili mama yake apate kuamua. Kiingereza changu nilikiokota mwenyewe, neno kwa neno, nami nimezoea kuhangaika na mashairi; sikutazamia kuhangaishwa na kijitabu cha hospitali. Taabu ilianza na jina la kifaa. Tafsiri iliyo karibu ni “kichocheo cha ugwe wa mgongo”. Lakini kwetu sisi kuchochea ni kazi ya kuni na moto, au ya mtu atiaye fitina. Ningemwambiaje bibi ambaye mgongo wake unawaka kwamba atatiwa kichocheo? Mwishowe niliandika “kituliza maumivu”, na hapo ndipo kosa langu la kwanza lilipojificha, kwani jina hilo liliahidi jambo ambalo kijitabu chenyewe hakikuliahidi.

Kifaa hicho kina asili ya kuvutia. Karne ya kwanza baada ya kuzaliwa Nabii Isa, tabibu wa Roma aitwaye Scribonius Largus aliwashauri wenye kuumwa kichwa na jongo wamguse samaki wa jamii ya taa atoaye umeme mwilini, mpaka pale panapouma pafe ganzi. Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walitoa nadharia kwamba katika ugwe wa neva uliomo ndani ya uti wa mgongo mna mfano wa lango: hisia nyingine zikipita hapo kwa wingi, habari ya maumivu huzuiliwa isifike kwenye ubongo. Miaka miwili baadaye, 1967, daktari Mmarekani Norman Shealy alimpandikizia mgonjwa wa saratani kifaa cha kwanza. Hata leo msingi ni ule ule. Nyaya nyembamba hulazwa kandokando ya ugwe, na kijisanduku chenye betri hufichwa chini ya ngozi, makalioni au tumboni. Kwanza mgonjwa hujaribiwa kwa siku chache, yapata wiki moja, sanduku likiwa nje ya mwili. Maumivu yakipungua walau nusu, ndipo apandikizwe.

Sasa nikiri kosa la pili. Kijitabu kilisema kwamba maumivu huenda yakapungua. Jioni ile, uani kwa shangazi, simu ikiwa wazi na mwanawe akisikiliza kutoka Maskati, nilisoma: “Maumivu yatapungua.” Neno moja nililimeza. Nililimeza kwa mapenzi, kwa kuwa niliuona uso wa shangazi ukikunjuka, na kwa kuwa kijana alikuwa ameazimia kuuza kiwanja chake ili ampeleke mama ng'ambo.

Usiku sikulala. Huenda ile ilikuwa na uzito wake. Mwaka 2023 wataalamu wa Cochrane, wanaokusanya na kupima tafiti za tiba, walichapisha mapitio ya tafiti 13 zenye washiriki 699 kuhusu kifaa hiki kwa maumivu ya mgongo. Walihitimu kwamba yumkini hakina faida ya kudumu kuzidi kifaa kilichowekwa bila kuwashwa, na kwamba hapakuwa na utafiti uliolinganisha hivyo kwa mwaka mzima au zaidi. Nyaya huweza kuhama, jeraha huweza kuoza, na betri ina siku zake. Wapo madaktari wanaoyapinga mahitimisho hayo, na wapo wagonjwa wanaokishukuru kifaa chao kila siku; sina haki ya kuwakanusha. Lakini vivyo hivyo sikuwa na haki ya kumficha shangazi kwamba jambo lenyewe lina shaka.

Jirani mmoja aliniambia nisijisumbue, kwani mwanamke wa kwetu amefunzwa kusubiri. Hapo ndipo ninapotofautiana na wengi wetu. Subira ni pambo la yule aliyeichagua. Ukimvisha mwenzio kwa nguvu inageuka mnyororo. Nabii Ayubu, tunayempigia mfano wa subira, hakunyamaza: alimlilia Mola wake juu ya dhara iliyompata, na kilio hicho hakikumtoa katika waliosubiri. Basi kumwambia mgonjwa asubiri ni kumtazama kwa mbali, na kumwambia atapona ni kumtazama kwa mbali vilevile. Katika hali zote mbili tumeliamua sisi jambo la mwili usio wetu.

Kulipopambazuka nilirudi, nikamwambia: “Shangazi, jana nilikusomea vibaya.” Nikamsomea upya, pamoja na kila huenda na kila hatari. Alisikiliza kimya. Nilipofika pale mgonjwa anapotakiwa kuyapima maumivu yake kwa namba, tangu sufuri hadi kumi, alinikatiza. “Mwanangu, hiyo kumi ni ya nani? Mimi nikiweza kuinama nikasujudu, siku hiyo ni nzuri. Nisipoweza, ni mbaya. Waulize kama chombo chao kitaniinamisha.” Kijitabu hakikuwa na jibu, nami sikumtungia.

Nilipokuwa njiani kurudi Korogwe niliyawaza maneno yake. Lugha yetu husema mgongo unaniuma: mgongo ndio mtenda, nami ndiye nitendwaye. Mtu aliyetendwa kwa miaka kumi na moja asitendwe tena na jamaa zake. Deni letu kwake ni kumletea habari kamili, bila kuipunguza wala kuipamba, kisha kukaa karibu naye wakati anapoipima. Matumaini atayachota mwenyewe humo, kama yamo. Na subira, akiitaka, anajua ilipo.

Shangazi hajaamua. Kiwanja hakijauzwa. Kijitabu nimekifasiri upya, na kifaa nimekiita kichocheo. Alipolisikia jina hilo alicheka, kisha akaniomba nimsomee tena tangu mwanzo, polepole.