Ulimwengu kama Mwalimu: Methali, Matuta na Suala la Maadili

Methali isemayo "Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu" imezoeleka kufasiriwa kama onyo. Mama ndiye mwalimu mpole. Ulimwengu ni mwalimu katili anayempokea aliyekosa malezi. Makala hii inakusudia kuihoji fasiri hiyo. Tunadai kwamba mama naye ni sehemu ya ulimwengu, na kwamba suala la kimaadili si nani anayefunza, bali ni nafasi aliyo nayo mwanafunzi mbele ya kile anachofunzwa.

Tuanze na Rosa Mistika, riwaya ya Euphrase Kezilahabi iliyotoka mwaka 1971. Ni rahisi kudai kwamba Rosa aliharibiwa na mazingira ya shuleni. Hata hivyo, ni Zakaria, babaye, aliyemtenga na wavulana kwa ukali na kipigo. Funzo alilolipata Rosa nyumbani, kwa hiyo, halikuwa adili. Lilikuwa kwamba sheria ni fimbo. Alipofika mahali pasipo na fimbo, sheria nayo ikatoweka. Ulimwengu haukumfunza jambo geni. Uliendeleza somo lililoanzia chini ya paa la wazazi.

Hoja hii haikomei katika fasihi. Katangi, huko Yatta katika Machakos, ni sehemu kame ambako mvua chache zikinyesha kwa nguvu huondoka na udongo. Katika miaka ya 1930 serikali ya kikoloni ilikusudia kuwafunza Wakamba kuhifadhi ardhi, na njia yake ilikuwa shuruti. Mwaka 1938 mifugo ilitwaliwa kwa amri ya kupunguza idadi yake; Muindi Mbingu akaongoza maelfu ya watu hadi Nairobi kupinga, naye akahamishiwa Lamu kwa nguvu. Matuta nayo yalichimbwa kwa kulazimishwa. Baada ya uhuru wa 1963, mengi yaliachwa bila kutunzwa. Fimbo ilikuwa imeondoka.

Lakini katika miaka ya 1970 na 1980 matuta yalichimbwa tena kwa wingi, mara nyingi na vikundi vya mwethya, ambavyo wanachama wake, wengi wao wanawake, husaidiana kwa zamu shambani kwa kila mmoja. Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walionyesha, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1994, kwamba idadi ya watu wa Machakos iliongezeka zaidi ya mara tano kati ya miaka ya 1930 na 1990, ilhali mmomonyoko ulipungua. Mkulima aliyekataa tuta la bwana shamba alilikubali tuta la jirani.

Yamkini msomaji atapinga kwamba kilichowafunza watu hao ni uhaba wa ardhi na bei za mazao sokoni, wala si ujirani. Pingamizi hili lina uzito, lakini halitoshi. Dhiki humwambia mtu kwamba hana budi kutenda; haimwambii atende nini. Katika mwethya, mtu hulichimba tuta la mwenzake, huyaona mavuno yake msimu unaofuata, na anaweza kuuliza, kubisha na kurekebisha. Hapo ndipo mazoea yanapogeuka maarifa.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Jamii hufunza pia chuki, rushwa na unafiki, na hufunza kwa mfano uleule wa jirani. Tunakubali. Kujifunza kutoka kwa wengine si wema kwa nafsi yake. Ndiyo maana kigezo chetu si jamii, bali ni swali: je, anayefunzwa anaruhusiwa kumuuliza anayemfunza? Rushwa haistahimili swali la hadhara. Tuta linalistahimili.

Lugha yenyewe imehifadhi ushahidi. Tuta ambalo udongo wake hutupwa upande wa juu wa mteremko huitwa "fanya juu", na jina hilo hutumika bila kutafsiriwa hata katika maandishi ya kilimo ya Kiingereza. Kisarufi hiyo ni amri. Leo ni nomino: jina la kitu ambacho mkulima hukichimba pasipo kuamriwa na mtu. Safari hiyo kutoka amri hadi jina ndiyo tunayoiita kujifunza.

Kwa kuhitimisha, methali yetu haimtishi mtoto peke yake. Inawahoji wote waliomtangulia ulimwenguni, tukiwamo sisi tunaofundisha vyuoni. Mwanafunzi anayenakili mhadhara asiothubutu kuuhoji amejifunza jambo moja kwa hakika, nalo ni kunyamaza. Tusishangae, basi, akihitimu na kulitekeleza funzo hilo kwa ukamilifu.