Kila Mmoja Alikwepa Tope la Mwenzake

Dereva wa kwanza alipita katikati. Wa pili akakuta tope limeshavurugwa, akachepuka hatua tatu kulia. Wa tatu naye akalikwepa tope la wa pili. Aliyewahi kusafiri kwa barabara ya udongo wakati wa masika anaijua hesabu hii: njia moja huzaa kumi, na hapatikani wa kukiri kwamba ndiye aliyekata mpya.

Ndivyo ilivyokuwa Big Cypress, kusini mwa Florida, Marekani. Wawindaji wa huko waliunda wenyewe magari marefu yenye matairi kama ya trekta, wakaingia nayo kinamasini miaka mingi kabla serikali haijaifanya ardhi hiyo hifadhi mwaka 1974. Hata baada ya hapo waliruhusiwa kuendelea. Ungemuuliza mmoja mmoja, angekuapia kuwa hajaharibu kitu, na pengine asingekuwa anadanganya.

Kisha wachora ramani wakaketi na picha za angani, zile za infraredi ambazo mimea hai hutokea nyekundu, wakafuatisha kila alama ya tairi. Jumla ilipita maili 20,000, yaani zaidi ya kilomita 32,000, ndani ya eneo lisilopishana sana na Unguja na Pemba zikijumlishwa. Nani angeliona hilo akiwa kwenye usukani?

Udhaifu wa kinamasi hiki ni utambarare wake. Maji hayana mto wa kuyabeba. Hutambaa kati ya nyasi kama shuka lililotandazwa, yakielekea baharini polepole. Tairi likizama kwenye udongo wa chokaa huushindilia na kuacha mfereji, nayo maji yakishapata mfereji huufuata, yakaiacha njia yake ya asili. Udongo wenyewe ni tabaka jembamba juu ya mwamba. Ukishashindiliwa, hauumuki kwa msimu mmoja wa mvua.

Mwaka 2000 hifadhi ikaamua: njia rasmi zisizidi maili 400, na vibali visizidi 2,000 kwa mwaka. Wawindaji walilalamika sana. Mimi siwacheki; si rahisi kumweleza mtu kwamba anafungiwa njia kwa kosa la umati.

Ukipita na ndege wakati wa kiangazi, mistari ya zamani bado inaonekana hata pasipopita gari tena. Tazama vizuri: utapaona pale yule wa pili alipochepuka.