Mkuki Ndani ya Nyumba



Mfalme Sauli hakuharibikiwa siku ya kushindwa vita. Aliharibikiwa siku ya ushindi, jeshi likirudi nyumbani na wanawake wametoka na matari kulipokea, pale wimbo wao ulipompa Daudi sifa mara kumi ya zile za mfalme. Somo letu la wiki hii, 1 Samweli 18, linaeleza kwamba kesho yake Sauli alirusha mkuki. Hakuurusha uwanjani mbele ya umati. Aliurusha ndani ya nyumba, na aliyelengwa alikuwa amekaa hapo akipiga kinubi ili amtulize. Nje, watu waliendelea kumwona mfalme mrefu, mzuri wa sura. Waliomjua walikuwa watu wa ndani.

Nyota wengi wa televisheni wanaishi hivyo. Tanzania Bara tulipata vituo vyetu vya kwanza mwaka 1994, miaka mingi baada ya Zanzibar, na leo hata huku kwetu Mlalo na Mtae watoto wanawaita wasanii kwa majina yao ya kwenye tamthilia. Mtazamaji anaona nusu saa. Haoni kundi zima lililoamka alfajiri: mpiga picha, fundi sauti, mshika taa, mama wa mavazi, kijana wa chai. Nyota anayejikweza akichelewa saa tatu nzima, hao ndio wanaomngoja juani. Akichukia kwamba msanii mpya amechekesha kuliko yeye, sehemu ya yule mpya inakatwa. Na mwongozaji, ambaye ndiye angemwambia ukweli, ananyamaza, maana jina la nyota ndilo linaloleta matangazo. Ukimya huo naona ni mbaya kuliko majivuno yenyewe.

Si lazima iwe hivyo. Majirani zetu wa Kenya walikuwa na kipindi cha Vitimbi, ambamo Benson Wanjau na Mary Khavere, yaani Mzee Ojwang na Mama Kayai, waliigiza pamoja kwa miaka mingi hata watazamaji wengi wakaamini kwamba ni mke na mume kweli. Kila mmoja alimwachia mwenzake nafasi.

Sisi wa Usambara tunalo fundisho letu, na liko chini ya macho yetu. Ukisimama Irente ukatazama bondeni, unaiona Mazinde. Mfalme Kimweri ya Nyumbai alipofariki mwaka 1862, kiti chake cha enzi pale Vugha kilikwenda kwa mjukuu wake, Shekulwavu. Semboja, mtoto wa Kimweri, alikuwa Mazinde, penye njia ya misafara, akiwa na bidhaa na bunduki. Hakukubali kuwa chini ya mtoto wa ndugu yake. Vugha ikashambuliwa, Shekulwavu akakimbia, na Semboja akamkalisha mwanawe kwenye kiti. Waliolipa gharama ya ugomvi huo wa baba mdogo na mtoto wake ni wakulima wasiokuwa na jina lolote: walikamatwa, wakateremshwa hadi Pwani, wakauzwa. Wazee wetu walisema kwamba nguvu mbili zikishindana, nchi yote huugua.

Leo kwaya zetu hupanda hapo hapo Irente na sare mpya kupiga video. Naifurahia sana kazi hiyo. Lakini nimeona kwaya iliyoimba pamoja tangu Shule ya Jumapili ikagawanyika kwa sababu ya nani asimame mbele ya kamera. Mwenye solo hasalimiani tena na mwalimu wa kwaya. Wapiga vyombo wanadai majina yao. Mama aliyepika makande ya watu wote siku ya kurekodi hatajwi popote, na wala hajadai.

Katika nyumba ya Sauli alikuwamo mtu mwingine mwenye haki ya kuchukia kuliko wote. Yonathani, mwana wa Sauli, alikuwa mrithi. Kila sifa ya Daudi ilimpunguzia yeye kiti. Naye alivua joho lake akampa Daudi, akaongeza upanga, upinde na mshipi, kabla hajaombwa na bila kulazimishwa. Kisha akafanya jambo gumu zaidi: akaenda kwa baba yake na kumwambia waziwazi kwamba anamkosea mtu asiye na hatia. Safari ya kwanza Sauli alisikia. Safari ya pili mkuki ukarushwa kwa Yonathani mwenyewe. Kila kundi linalomzunguka mtu mashuhuri linamhitaji Yonathani wake, na ninawaomba wazee wa kanisa na viongozi wa kwaya waikubali kazi hiyo, ingawa ina mikuki.

Nawaandikia pia vijana wetu mlioshuka kutoka milimani kwenda Dar es Salaam kutafuta kazi za sanaa, na wengine mlio chini ya bwana au bibi wa namna ya Sauli. Msidhani kwamba uvumilivu wa Kikristo ni kukaa mbele ya mkuki. Daudi aliukwepa, na baadaye akaondoka usiku kupitia dirishani. Hakuwa mwasi kwa kukimbia. Alipompata Sauli pangoni En-gedi, akiwa na kisu mkononi, alikata pindo la vazi tu, na hata hilo likamchoma moyo. Aliweza kuondoka, na aliweza kutolipiza kisasi.